Kulia ni Nje ya Bariyeri

Honorine Mwape alikuwa na kazi mbili katika hospitali ya kampuni ya migodi, na mshahara mmoja. Kazi ya kwanza ilikuwa uuguzi: sindano, vidonda, kupima homa, na kuwasikiliza wanaume wazima wakiita mama zao. Ya pili hakuna aliyemwajiri kuifanya, ilimwangukia tu kama chokaa ya dari. Mtu akifa katika Salle Mbili, chumba cha wanaume waliopasuliwa, Honorine ndiye aliyewanyamazisha wafiwa.

Mambo yalianza siku ambayo mjane mmoja alipiga yowe la kwao, lile la kuita milima. Kwenye kitanda cha jirani alilala mchimbaji aliyeshonwa tumbo asubuhi ileile. Yule bwana alidhani shimo la mgodi limeporomoka, akaruka kutaka kukimbia, na nyuzi zikafunguka kama vifungo vya shati. Tangu hapo mkuu wa wauguzi, citoyen Mulenga (citoyen ni raia, ndivyo watu wote walivyotakiwa kuitwa), mtu mpole mwenye abakosti, lile koti la serikali lisilo na tai, iliyompwaya kama ameazimwa na marehemu, akamwomba Honorine ashughulike na sauti.

Basi akashughulika, tena akawa fundi. Alimshika mfiwa kiwiko, akamwambia kwa sauti ya chini isiyo na pa kushikia, "Mama, nyamaza. Hapa banalala bagonjwa. Kulia ni inje ya bariyeri." Halafu alimsindikiza taratibu hadi kwenye bariyeri, lile bomba la rangi nyekundu na nyeupe linalofunga njia pale mlangoni, akamwachia kiwiko, akageuka. Nyuma yake kilio kililipuka kama bia iliyotikiswa. Yeye alikuwa ameshafika nusu ya njia kurudi, kuna sindano zinamngoja.

Watu wa kambi ya wafanyakazi wakambatiza Mama Bariyeri. Wakati ule serikali ilikuwa imefuta majina ya ubatizo, hata barua za kazini zilimwita citoyenne Mwape tu, lakini jina la Mama Bariyeri lilipita bila kibali cha chama tawala. Mwenyewe alilicheka. Jina la Honorine lilibaki mtaani Katuba, jikoni kwa mama yake, mahali ambapo serikali ilikuwa haijaingia.

Na huko Katuba, kusema kweli, Honorine naye alikuwa haingii sana. Wauguzi wenzake wawili walikuwa wameondoka. Mmoja aliolewa Kolwezi. Wa pili aligundua kwamba gunia la unga la kule mpakani, Mokambo, lina faida kuliko diploma, akaenda kuuza magunia. Nafasi zao zilijazwa na Honorine huyohuyo. Jumamosi, akipata mapumziko, chama kilimtaka kwenye salongo, ile kazi ya umma ya lazima, afagie barabara, halafu acheze ngoma za kusifu nchi akiwa na miguu iliyovimba kama maandazi. Mama yake, Mama Julienne Chola, alikuwa mgonjwa tangu mvua za kwanza, anauguzwa na Clotilde, dada mkubwa wa Honorine.

"Nitakuya dimanche," Honorine alikuwa akituma salamu. Jumapili ilikuja, ikapita upande mwingine wa barabara.

Asubuhi ya habari hii Honorine alikuwa bado yuko wodini, ingawa zamu yake ilikuwa ya usiku, kwa sababu aliyepaswa kumpokea hakutokea. Alikuwa na sinia la sindano mkononi alipomwona Clément, mume wa Clotilde, amesimama mlangoni na kofia ya kiwandani kifuani. Mtu wa fonderie, kule wanakoyeyusha shaba, hawezi kuvua kofia bure.

"Shemeji," Clément alisema. "Maman anatuacha." Kwa Kiswahili cha kule, maana yake mama ameshafariki.

Honorine alimwangalia. Akaangalia sinia. Kisha akasema maneno ambayo Katuba nzima iliyajua kabla jua halijafika utosini:

"Ukae pale ku banc, Clément. Nimalize kwanza."

Akamaliza. Alichoma sindano zote zilizobaki, akamfunga mmoja bandeji, akamnywesha uji mzee asiyeweza kushika kijiko, akanawa mikono hadi viwiko kama ilivyofundishwa. Clément alikaa kwenye benchi anazungusha kofia. Wagonjwa wakampa pole. Honorine, mfiwa mwenyewe, alikuwa anawauliza kama wamekwenda choo.

Walipofika Katuba, lupango, ule ua wa Mama Julienne, ulikuwa umejaa. Wanaume walikuwa wamekaa nje wamezunguka mbabula, jiko la makaa, wakisubiri kuambiwa la kufanya. Wanawake walikuwa ndani, vitenge vimefungwa kiunoni, na Clotilde katikati yao alilia hata sauti imebaki kamba moja. Honorine alivua viatu, akaingia, akapiga magoti mbele ya mama yake aliyelazwa chini ya shuka. Wanawake wakapunguza sauti kumwachia nafasi. Ndiyo desturi: mtoto akifika, anapewa uwanja.

Uwanja akapewa. Hakuwa na cha kuchezea. Alifungua mdomo, ukatoka mwayo.

Nasema mwayo. Alijitahidi kuufunika kwa mkono, lakini mwayo wa mtu aliyekesha ni kama treni ya Kamina, ukishaanza kupita unaupisha. Bibi mmoja akamkazia macho. Honorine akasogea ukutani, akanyoosha miguu kama wengine, akajiambia nitalia sasa hivi, ngoja nipumzishe shingo. Shingo ikaenda na mwenyewe.

Alipolala ndipo alipofika mama mkubwa Musonda, dada mkubwa wa marehemu. Alikuwa ametoka Mokambo juu ya lori la mizigo, kuja kumwona mgonjwa. Njia nzima alikuwa amekumbatia kibuyu cha munkoyo, kile kinywaji cha mizizi ambacho mgonjwa alikuwa amekiomba. Habari ya kifo alikuja kuipata palepale kona ya barabara, kutoka kwa mwuza makaa. Kwa hiyo aliingia lupango kwa mbio, kibuyu kichwani, na sauti ambayo lori zima la mizigo lisingeibeba.

"Mudogo yangu eee! Julienne mudogo yangu eee! Nakuletea munkoyo, mudogo yangu, nani atakunywa? Mudogo yangu, unaniacha na banani?"

Honorine akasimama. Macho yalikuwa wazi, lakini aliyekuwa akitazama kupitia hayo macho alikuwa hospitali. Alipita katikati ya wanawake bila kukanyaga hata mguu mmoja, akatoka barazani, akamshika mama yake mkubwa kiwiko.

"Mama, nyamaza. Hapa banalala bagonjwa. Kulia ni inje ya bariyeri."

Akamtembeza. Mama mkubwa Musonda, kwa mshangao tu, akatembezeka. Walipofika kwenye mlango wa mabati, Honorine akamwachia kiwiko, akageuka, na ndipo alipoiona lupango nzima imesimama inamwangalia. Hakuna aliyekuwa analia. Hata makaa ya mbabula yalikuwa yameacha kulialia.

Akaamka hapo. Ningependa kusema aliamka pole pole. Hapana. Aliamka kama mtu aliyemwagiwa ndoo.

"Honorine!" Clotilde alikuwa amefika mlangoni. "Unamufukuza mama mukubwa ku kilio ya ndugu yake?"

"Yaya, nalikuwa nalala..."

"Unalala! Maman anakufa, weye unalala!"

Nje ya mabati, mama mkubwa Musonda alitua kibuyu, akaketi juu ya furushi lake katikati ya njia, kama mtu aliyenunua kile kiwanja.

"Siingie," alisema. "Miye njo nalimubeba huyu mutoto mu mugongo. Miye njo nalimupangusa kamasi. Leo ananionyesha njia ya inje! Mwenye ananitoshaka, yeye njo atanirudisha. Na anirudishe na kilio, bantu basikie. Bila ile, nalala hapa hapa na mbwa."

Sasa hilo halikuwa neno dogo. Katika ukoo wao marehemu huoshwa na dada yake. Binti haanzi kabla ya dada. Musonda akikaa nje, Mama Julienne naye hatoki ndani. Na ndani, mabibi walikuwa wameanza kuangaliana pembeni ya macho. Mtu asiyemlilia mama yake, pale mjini, watu huanza kujiuliza machozi ameyauza wapi, na kwa mganga gani.

Honorine akaenda mpaka mlangoni. Alijua kinachotakiwa: alie, amshike mama mkubwa mkono, waingie wote wawili wakilia. Watoto wa Katuba hulifanya hilo bila kufundishwa. Akavuta pumzi. Akawaza mama yake. Akawaza jeneza. Akabana tumbo, akasukuma.

"Mèèè," ikatoka.

Kuku waliokuwa karibu na mabati wakatawanyika.

"Aaa, hapo!" ilisema sauti kutoka kwa wanaume. "Ukoo haupotee! Ni Mbuzi kabisa!"

Aliyesema alikuwa Ngosa, fundi wa baiskeli, na ukitaka kumpiga huruhusiwi. Marehemu na dada yake na mabinti zake walikuwa watu wa ukoo wa Mbuzi. Ngosa alikuwa wa ukoo wa Chui. Koo hizo mbili ni watani tangu zamani, banungwe kama wanavyoitwa huko, na mtani msibani hana adabu kwa sababu kukosa adabu ndiyo kazi aliyojia. Anamcheka maiti, anawacheka wafiwa, anadai chakula kizuri, na atakayekasirika ndiye mkosaji.

Ngosa alikuwa ameipata nyama yake. Akavuta shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, akajifunga, akaweka sufuria ndogo kichwani kama kofia ya muuguzi. Akachukua kifuniko, hicho kikawa sinia. Kisha akaanza kupita katikati ya watu.

"Weye! Unalia? Una kibali ya kulia? Onyesha!" Akamsukuma Clément kwenye kiti. "Citoyen, maman anakufa? Muzuri sana. Ukae ku banc. Nimalize kwanza."

Wanaume wakaangua kicheko. Clément akainamisha kichwa. Ni yeye aliyesimulia, na sasa simulizi lilikuwa limevaa sufuria. Wanawake waliokuwa wamenuna wakaziba midomo kwa vitenge, mabega yakitikisika. Hata nje ya mabati kulisikika mkoromo mdogo wa mama mkubwa Musonda akipigana na kicheko chake.

Kama Ngosa angeishia hapo, ingekuwa nafuu. Lakini alikuwa mwigaji mzuri, na mwigaji mzuri hajui kuongopa. Akaanza kutembea kama Honorine. Alikuwa amemwona akipita kwenda kituo cha basi asubuhi nyingi. Akaburuta kisigino cha kushoto. Akaegemea nguzo ya baraza kwa bega, akafumba macho akiwa amesimama, akashtuka, akatazama mkono usio na saa, akaburuta tena. Akajaribu kufunga kifungo cha shuka lisilo na kifungo, mara mbili, vidole vinakosa. Akasimama katikati ya ua akasahau alikokuwa anakwenda.

Kicheko kikapungua. Hakikukatika, kilipungua tu, kama maji yanayokaribia kwisha mtungini. Mtu mmoja akasema, "Ee, njo vile anatembeaka."

Desturi inataka anayetaniwa ajibu. Watu walimngoja Honorine amtukane Ngosa, amwambie Chui gani huyu anayeziba pancha, wacheke, mambo yaishe. Honorine alisimama karibu na mabati na uso unamwaka hadi kwenye masikio. Hakuwahi kujiona kwa nyuma. Alitamani ardhi ipasuke, na kwa mji wenye mashimo mengi hivi chini yake, haikuwa ombi kubwa.

Ardhi haikupasuka. Ilikuja gari.

Ilikuwa camionnette nyeupe ya hospitali, na ndani yake citoyen Mulenga na abakosti yake. Alishuka, akawapa mkono wanaume wote, akaweka bahasha ya rambirambi ya wafanyakazi mbele ya Clément, akasimama mbele ya Honorine akiangalia viatu vyake mwenyewe.

"Pole sana, citoyenne. Pole kabisa." Akakohoa. "Sikuya juu ya ile. Nakuya juu ya kilio. Lakini... leo mangaribi mu Salle Mbili hamuna muntu. Sisemi ukuye. Nasema tu hamuna muntu."

Hapa ndipo penye aibu kubwa kuliko ile ya mwayo na ile ya mbuzi, na watu hawakuiona kwa sababu ilikuwa ndani. Honorine alifurahi. Kitu fulani kifuani mwake kiliruka kama mtoto aliyeitwa jina lake. Kule alikuwa anajua la kufanya. Kule hakuna aliyemwomba machozi, walimwomba sindano, naye sindano alikuwa nazo.

"Nakuya," alisema.

Akachukua viatu vyake barazani. Clotilde alimwita mara moja, hakuita tena. Akapita mbele ya wanaume, mbele ya Ngosa aliyekuwa ameshavua sufuria, akatoka kwenye mlango wa mabati, akapita pembeni ya mama yake mkubwa bila kumtazama, akapanda gari, akafunga mlango. Mulenga akakaa kwenye usukani, akajifanya anatafuta ufunguo. Labda alikuwa anautafuta kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na vitanda vingi na watu wachache, na hilo humfanya mtu akae msibani akihesabu vichwa.

Njia nzima ya Katuba ilikuwa inatazama. Wauza makaa, wasichana wenye ndoo, wote. Honorine akakaza macho kwenye kioo cha mbele.

Mama mkubwa Musonda akainuka kutoka kwenye furushi. Aliinuka kwa awamu, mkono kwenye goti, mkono kiunoni, akaja hadi dirishani. Honorine akajikaza kupokea matusi. Aliyahitaji, hata.

"Mwape," mama mkubwa alisema, na hakuwa anapiga kelele. "Miye mugongo inakufa mu lori. Naweza kumuosha mama yako, lakini kumuinua siwezi. Clotilde hana nguvu, analia tangu asubuyi. Weye unayuwa kuinua bantu."

Honorine akazidi kukaza macho kwenye kioo.

"Kilio uache. Sitaki tena kilio yako, ni ya kuogopesha kuku. Ukuye tu kumuinua."

Mulenga alizima gari, ingawa lilikuwa halijawashwa. Alizungusha tu ufunguo upande wa kuzima. "Citoyenne," alisema, akiendelea kuangalia usukani, "nitatafuta namna. Nitakaa miye mwenyewe."

Kupanda gari mbele za watu ni rahisi, una haraka. Kushuka ndiko kugumu. Honorine alishuka viatu mkononi, mgongo umeinama, na hakuna mtu aliyemwambia neno, hata Ngosa. Yeye na mama mkubwa Musonda waliingia bila kilio, bila kushikana mikono, mmoja nyuma ya mwingine kama watu wanaokwenda kuchota maji. Mabibi hawakuridhika. Lakini waliingia.

Chumba cha nyuma kilikuwa kidogo. Mlikuwa na beseni la maji ya vuguvugu, sabuni, na vitambaa. Clotilde aliondoa shuka akakaa kwenye kona. Honorine akakunja mikono ya gauni, na mara mikono yake ikaanza peke yake. Ilikuwa imeosha wengi. Taya, funga. Kope, bonyeza. Mkono wa kulia, sugua, panguza, weka. Mkono wa kushoto...

"Ngoja," mama mkubwa alimkamata kifundo cha mkono. "Weye unaosha muntu ao unaosha gari?"

Honorine akasimama.

"Tunamuambiaka. Kila pahali unagusa, unamuambia. Si mutu wa njia."

"Nimuambie nini?"

"Kile unafanya. Hauna mudomo?"

Honorine akachovya kitambaa upya. Aliona haya mbele ya mwili wa mama yake kama msichana aliyeambiwa asome darasani. "Maman," akasema. Sauti ilikuwa kavu. "Naosha mukono." Akaosha mkono, vidole kimoja kimoja, vile vidole vilivyosonga bukari, ule ugali wa maisha yake yote. "Maman, naosha shingo." Mama mkubwa aliitikia kwa kichwa. "Naosha miguu." Visigino vilikuwa laini, vimepakwa mafuta; ni Clotilde, kila siku. Honorine alivishika kwa muda kuliko ilivyohitajika.

"Sasa umugeuze," mama mkubwa alisema.

Akapitisha mkono chini ya bega, mkono chini ya paja, akamgeuza kwa ulaini, kwa namna ambayo hata maji ya beseni hayakutikisika. Na hapo, nyuma ya nyonga, palikuwa na kidonda.

Kilikuwa kidonda cha kitanda, kipana kama kiganja, cheusi pembeni, chekundu ndani. Muuguzi wa mwaka wa kwanza anakijua. Ni kidonda cha mtu aliyelala upande mmoja siku nyingi bila kugeuzwa. Hakihitaji dawa ya kutoka Ulaya. Kinahitaji mtu wa kuja, hata siku ya dimanche, na kusema: mumugeuze hivi, muweke mto hapa.

"Alikuwa analia sana ku usiku," Clotilde alisema kutoka kwenye kona. "Anasema, hapa, hapa. Nalikuwa napaka mafuta. Sikuyuwe, Honorine. Hakuna mwenye alinionyesha."

Hakusema kwa kulaumu. Angelaumu, Honorine angepata pa kujibia.

Mama mkubwa Musonda alisukuma beseni karibu zaidi.

Honorine alichovya kitambaa. Akakikamua. Akakikunja mara nne, kona juu ya kona, kama kompresi ya kufunikia kidonda, ingawa hakuna aliyehitaji kompresi tena. Akaanza kusafisha kutoka katikati kwenda pembeni, inavyotakiwa, kwa vidole vyepesi. Kitu kikadondoka mkononi mwake, cha moto, halafu kingine. Pua ikaanza kuvuja. Alijaribu kupangusa kwa bega akashindwa. Hakikuwa kilio cha kuitwa kilio. Hakikuwa na jina la mtu wala mlima ndani yake, na barazani hakuna aliyekisikia.

"Maman," alisema, akiinama karibu na sikio la mama yake, "hapa itauma kidogo."